Twiga Aliyebaki Nyumba ya Zamani

Usiku wa jana niliota tunahama, na nyumba tunayohama ni kompyuta yangu ya nembo za sweta.

Nieleze kwanza. Mimi nashona nembo za shule hapa Korogwe. Michoro yote imo kwenye kompyuta, mashine ya darizi inaifuata. Mwanangu Mwajabu kazi yake ni kuwasaidia watu wanaotumia mfumo fulani wa kompyuta, ule wa bure, wahamie mwingine, nao wa bure, maana waliokuwa wanautunza ule wa zamani wameacha. Kompyuta yangu aliahidi kuihamisha leo asubuhi. Jana akaniuliza, "Mama, vitu vyako umeshaweka kwenye flashi? Nikianza nafuta vyote." Nikamwambia nimeshaweka, nimevivuta mwenyewe kimoja kimoja. Shule zinafunguliwa wiki ijayo, na michoro mingine sina popote.

Basi kwenye ndoto nasukuma mkokoteni umejaa nembo. Nyuma yangu nyumba ya zamani, na mbele yake limesimama tingatinga. Limefunga leso shingoni, lina adabu sana.

"Shikamoo mama. Nifute vyote? Ndiyo au hapana?"

"Marahaba. Subiri kwanza nifike."

"Kusubiri sikujui. Najua ndiyo na hapana."

"Hapana basi."

"Haya. Nitauliza tena."

Nageuka, barabara imeshakuwa ngazi, na mkokoteni unazipanda wenyewe. Juu kuna mlango. Unaniambia, "Neno la siri?" Nalitamka, lakini kinywani vinatoka vidoa vyeusi, vinadondoka sakafuni kama mbegu za papai. Mlango unavihesabu, halafu unafunguka.

Nyumba mpya ni nzuri. Vitasa vyote viko kushoto, na jiko liko pale ambapo mimi ningeweka choo, ila nafasi ipo. Nauuliza mlango mwenye nyumba ni nani.

"Wote."

"Na kodi nampa nani?"

"Hakuna kodi."

"Paa likivuja?"

"Yeyote mwenye nyundo."

Natazama juu. Paani wamejaa watu nisiowajua, wanagongelea misumari, wengine wamevaa makoti ya baridi. Hakuna anayeomba hata chai. Mmoja anainama, ananiambia, "Mama, ukiona panavuja tuambie tu." Moyo ukatulia kidogo, ingawa mimi nyumba isiyo na mwenyewe huwa siiamini.

Naanza kushusha mizigo. Ya kwanza ni nembo ya twiga. Naiinua, nyepesi mno. Naigeuza, nyuma hakuna kitu. Ni bango tu lenye picha ya twiga, na kwenye kona kuna mshale mdogo mweusi unaoelekeza kule tulikotoka. Nachukua nembo ya mwenge. Bango na mshale. Ya kitabu, hivyo hivyo.

Twiga wa kwenye picha ananitazama. "Mama Mwajabu, umebeba mabango tu. Vitu vyenyewe viko ndani kule."

"Mbona hukusema mapema?"

"Ningesemaje, na mimi siko hapa?"

Namlaza sakafuni, nageukia mlango.

"Na ukinifuata," anasema, "niangalie jicho la kushoto. Haliko sawa tangu uliponichora."

Narudi mbio. Ngazi zimekuwa mto wa uzi wa bluu, navuka unanifika magotini. Tingatinga limeshanguruma.

"Nifute vyote?"

Nataka kusema hapana. Mdomoni vinatoka vidoa.

"Sijasikia vizuri, mama," linasema kwa upole. "Nitachukulia ni ndiyo."

Dirishani imechomoza shingo ya twiga, anatazama huku na huku kama mtu aliyeahidiwa mgeni.

Nikaamka. Kumekucha. Nikatoka hivyo hivyo na kanga ya kulalia, nikamkuta Mwajabu amekaa mbele ya kompyuta yangu, kikombe cha chai mkononi.

"Mwajabu, usiguse hapo."

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Chomeka flashi yangu kwenye kompyuta yako wewe. Fungua twiga."

"Si ulisema umeshaweka?"

"Fungua twiga, mwanangu."

Akafungua. Kompyuta yake ikaandika kwamba kitu hicho hakipo. Akasogeza uso karibu na kioo, na mimi nikasogeza wangu. Kwenye kona ya ile picha ndogo kulikuwa na mshale mweusi.

"Aa, mama. Hizi ni njia za mkato, nilikuwekea mimi usihangaike kutafuta. Umebeba mabango tu. Vitu vyenyewe viko ndani."

Nikamuuliza maneno hayo kayatoa wapi. Akasema ni maneno ya kawaida tu.

"Umeshafuta?"

"Bado. Nilikuwa namalizia chai."

Nikakaa chini. Kina mama wenzangu, mkiambiwa mnahamishwa msiogope, huko ni kuzuri. Lakini mlichobeba kifungueni kwanza kwenye kompyuta ya mtu mwingine, mkione kwa macho yenu, ndipo mseme nimeshaweka.

Mwajabu akaichukua michoro yenyewe, tukaifungua mmoja mmoja, ndipo akafuta. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimehamia. Vitufe vya kufungia viko kushoto, mkono wangu bado unakwenda kulia.

Nikamfungua twiga, nikamkuza mpaka akajaa kioo kizima. Kwenye jicho la kushoto kulikuwa na mshono umeruka. Nimeshaurekebisha.