Zulia la Kukanyagwa

"Ukiharakisha hivyo utamwaga nyeusi kwenye njano," Dariel alisema. "Polepole, mwenzangu."

Cruz alipunguza mwendo. Alikuwa amepiga magoti kwenye ubao uliolazwa juu ya zulia, chekeche mkononi, akichekecha vumbi la mbao lililotiwa rangi, ndilo lililokuwa zulia lenyewe, barabarani ambapo maandamano ya kanisa yangepita. Miaka kumi na miwili alikuwa akiifanya kazi hiyo kila Kwaresima: kuchemsha rangi, kuanika vumbi juani, kulinyunyizia maji lisipeperuke. Aliyetaka zambarau isiyopauka alimwita yeye. Lakini hayo yalikuwa mazulia ya watu. La leo lilikuwa lake, mbele ya mlango wa mama yake, mchana kweupe, halina ua wala ndege. Lilikuwa na mistari minne tu: njano, nyeupe, zambarau, nyeusi. Ni bendera ya watu kama yeye na Dariel, ambao si wanaume na si wanawake, na ambao mtaani hapo hakuna aliyewahi kuwatamka ila kwa kunong'ona.

Don Wotzbelí, mkuu wa wabebaji wa sanamu, alifika amevaa joho la maandamano, simu mkononi.

"Hii nyeusi ya nini, Cruz? Nyeusi kwenye zulia ni ya Ijumaa Kuu, baada ya saa tisa. Hata mtoto wa komunyo ya kwanza anajua."

"Ni rangi tu, Don Wotzbelí."

"Rangi tu! Mpwa wangu kanionyesha humu ni rangi za nani. Nilidhani umesahau kalenda, kumbe unajua sana." Akashusha sauti, na hapo ndipo Cruz alipoogopa zaidi. "Siwezi kukufukuza barabarani. Ila machela zetu za sanamu hazitakanyaga hapa. Tutapita pembeni."

Akaenda zake. Bora angelipiga teke. Zulia hutengenezwa likanyagwe. Mtu huvunja mgongo asubuhi nzima ili Bwana na Mama yake wapite juu yake na kulivuruga, na kuvurugwa huko ndiyo heshima yenyewe. Likibaki zima ni kama chakula ulichompikia mgeni akakurudishia hakijaguswa, majirani wote wakiona.

Mama yake Cruz, Doña Odilia, alitoka amevaa nguo nyeusi na ushungi wa lesi. Alikuwa ameomba nafasi ya bega la kwanza kushoto kwenye machela ya Bikira, inayobebwa na wanawake, katika mtaa huu, apite mbele ya mlango wake. Alisimama akiitazama ile mistari.

"Bado sijakuelewa," alisema. "Kama wewe si mwanamke, basi ni mwanamume? Niambie moja nijue."

"Unaikumbuka siku ya kupimwa urefu wa mabega ya wabebaji, Mama? Foleni mbili ukumbini. Miaka kumi nimesimama ya wanawake, kama niliyeshika nafasi ya mtu mwingine. Mwaka jana nikahamia ya wanaume. Ikawa vilevile."

"Ukarudi nyumbani ukalala."

"Hakukuwa na foleni nyingine."

Doña Odilia alirekebisha ushungi ambao haukuwa na kasoro. "Na kesho niende sokoni na uso gani?"

"Naogopa, Mama."

"Kwani mimi siogopi?" Akaondoka kwenda kujipanga na wenzake.

Saa nane moshi wa ubani ulitangulia kukata kona, kisha machela yenye sanamu ya Kristo, wanaume ishirini kila upande. Cruz alijibana ukutani. Walipofika kwenye ukingo wa njano Don Wotzbelí aliinua mkono, na machela yote ikasogea kulia, ikilalamika, safu ya kulia ikapanda juu ya ukingo wa barabara na kukwaruza majoho kwenye kuta. Hakuna kiatu kilichogusa. Upepo wa nguo zao ulisogeza chembe chache za nyeupe, basi.

"Wamelikwepa kama kinyesi cha mbwa!" mtu alisema upande wa pili, na watu wakacheka.

Cruz aliikazia macho ile mistari minne.

"Twende," Dariel alimnong'oneza. "Kabla hawajaanza kutushika."

"Nikienda sasa sitarudi tena hapa."

Nyuma walikuwa wanakuja wenye makoleo, wazoaji wa mabaki. Lakini kwanza ilikuja machela ya Bikira, na mbele kabisa, kushoto, uso wa mama yake chini ya uzito.

"Kulia, akina mama!" Don Wotzbelí aliita. "Kulia!"

Machela ilianza kugeuka, ikakwama. Bega la kwanza kushoto halikufuata. Wanawake walikuwa wakiyumba papo hapo, mguu huu, mguu ule, kama wafanyavyo wakingoja muziki.

"Odilia! Kulia, nimesema!"

Doña Odilia hakumtazama Don Wotzbelí, wala hakumtazama Cruz. Alikuwa akitazama chini. Cruz alifumba macho, kwa woga mtupu, mgongo umeganda ukutani. Akasikia sauti aliyoijua kuliko jina lake: vumbi bichi likididimia chini ya kiatu.

Alipofumbua, juu ya njano kulikuwa na alama moja nyembamba, kisigino kimelika upande wa nje, kiatu cha mama yake ambacho Cruz mwenyewe alikuwa amekipeleka kwa fundi mara mbili. Na nyuma yake kiatu cha mwanamke wa pili, kingali kimeinuliwa hewani.