Pwani Yenye Ng'ombe

Shemeji yangu Nyamweya ni mtu mwema, na nalisema hilo mapema kwa sababu muda si mrefu nitamsema. Ni Mkisii wa Kenya. Alikuja Buffalo, Amerika, kusomea uhandisi, akabaki Amherst, pembeni mwa mji huo, na kazi ya mshahara, akamwoa mdogo wangu Ingabire. Ana kasoro moja tu: akishika jambo, analipanga kama anajenga daraja. Mwaka ule wa 2016 alishika jambo la pwani.

Asili ya jambo ni kaka yetu Gatera. Vita ya tisini na nane ilipofika kwetu, kwenye milima iliyo juu ya Uvira, Gatera alikuwa malishoni na ng'ombe wa baba. Sisi tukakimbilia huku, yeye kule. Tulipita kambi hii na ile, baba akafia njiani, mwishoni tukaletwa Amerika, na Gatera tukawa tumeshamlilia kama marehemu. Kumbe yu hai. Mtu wa kanisani alimwona Facebook: yuko Genova, Italia, anaosha vyombo hotelini. Tangu hapo Mama hakuwa na hamu nyingine duniani ila kumwona mwanawe kwa macho. Gatera aliomba viza ya kuja, akanyimwa, akaomba tena, akanyimwa tena. Kwa bahati sisi tulikuwa tumepata pasipoti za Kimarekani, basi ikabaki sisi kumfuata.

Gatera aliweka sharti moja.

"Musikuje mu chumba yangu," aliniambia kwenye simu. "Tunalala batu sita. Mama akiona atalia. Muchague pahali ku bahari, pazuri, miye nitabakuta pale."

Hapo ndipo Nyamweya aliposhika. Akaanza kuzipa pwani za Mediterania alama: mchanga, kina cha maji, umbali kutoka uwanja wa ndege, hata kivuli. Mimi naishi Linden, hapa Columbus, na nafanya kazi ghalani, kupakia viatu vya watu. Nikitoka zamu nakuta simu imejaa.

"Shemeji, usikimbilie Liguria huko karibu na Gatera, hiyo ni mawe tupu," ananiambia. "Consider Puglia. Maji ni clear, na parking iko."

Nikawa nabishana naye, nisidanganye. Wakati wa mapumziko nasimama kati ya maboksi nikitetea mchanga wa Sisilia kana kwamba nimezaliwa huko. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Maisha yetu yote tulikuwa tunaambiwa mahali pa kwenda. Kambi tulichaguliwa, Kentucky tulikoletwa kwanza tulichaguliwa. Hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kutuuliza tunapenda wapi.

Kisha Jumamosi moja Nyamweya akamaliza kupanga, akatuma picha za pwani zake bora. Badala ya kutuma kwangu na Ingabire, alizituma kwenye kundi la WhatsApp la familia nzima, ambamo na Mama yumo. Mama hasomi. Anasikiliza sauti na kutazama picha. Na katika kila picha, juu ya ule mchanga uliopewa alama, walikuwa wamelala watu. Wanawake wamevaa kamba mbili, wanaume wamevaa kitambaa cha kufutia pua. Picha hizo zimetoka kwa mkwe, zimekwenda kwa mama mkwe.

Asiye wa kwetu anaweza kucheka. Acheke. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai kochi moja. Nyamweya akija Shively, kule Louisville, Kentucky, anakoishi Mama, anakaa kiti cha karibu na mlango. Mama anaongea naye kwa kumpitia Ingabire, ingawa wote watatu wanasikiana vizuri kabisa. Na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba Nyamweya si mgeni wa heshima hiyo. Kwao Kisii wanayo hiyohiyo, wanaiita chinsoni, na nina hakika mama yake angemfukuza kwa fimbo. Lakini mtu akikaa sana Amherst anatazama picha, anaona mchanga, hawaoni watu walio juu yake.

Mama alijibu kwa ujumbe wa sauti, maneno machache.

"Asante kwa picha. Miye siende."

Hata binamu zetu wanaotuma mistari ya Biblia kila asubuhi waliweka simu chini. Nikampigia Mama.

"Mama, ile ni picha tu."

"Hadassa, donc miye nitaikala ku mchanga, na mkwe yangu eko mbele yangu na kaleso?"

"Weye utavaa nguo zako."

"Na yeye?"

Kumfikiria Nyamweya na kitambi chake ndani ya kaleso, ile chupi ya kuogelea, hata mimi nilitaka kufumba macho.

Nyamweya mwenyewe aliposikia, alikaribia kuugua. "Shem, mwambie Mum I'm so sorry," alisema. "Mimi nitabaki. Nitawapeleka airport nirudi nyumbani. Hata simu sitapiga." Nyuma yake nilimsikia Ingabire akilia. Nikampelekea Mama ahadi hiyo nikidhani nimemaliza kazi, kumbe nimechochea moto.

"Kumwacha mkwe ni kumufukuza," Mama alisema. "Alinikosea nini? Ni mkwe muzuri. Hapana, Hadassa. Mutamusalimia Gatera."

Tukafika hapo: pamoja na mkwe hataki, bila mkwe hataki. Na kila jioni Gatera ananiuliza kutoka Genova, mumefikia wapi? Namjibu tunachagua bado. Niliogopa. Mama ana presha, magoti yameanza kumgomea, na sikuona nani wa kuniahidi kwamba mwaka mwingine atapanda ndege. Kuwa na mtoto aliyefufuka, ukamkosa kwa ajili ya suruali fupi, hilo sikuweza kulimeza.

Nikaomba ruhusa kazini, nikaendesha gari hadi Shively. Nilimkuta Mama jikoni, ameweka dumu la maziwa mapajani analisukasuka. Hununua maziwa ya dukani, akayagandisha, halafu hulalamika siku nzima kwamba hayana harufu. Sikugusia safari. Niliweka simu mezani, picha zikiwa wazi, nikaenda kuosha mikono kwa muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji.

Nilipogeuka, Mama alikuwa anazitazama. Amewafunika watu kwa kidole gumba, ili aone maji. Anasogeza picha, anafunika, anasogeza, anafunika.

"Bahari ni nzuri," alikiri. Kisha akauliza, "Ku Mediterane yote ile, ngombe zinakunywaka wapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Maji yote, hakuna hata ngombe moja. Gatera anaishi inchi ya namna gani?"

Kwa utani tu nikachukua simu, nikatafuta ng'ombe wa pwani za Italia. Na wakaja. Kisiwa cha Sardinia, mchanga mweupe, maji ya rangi ya buluu, na ng'ombe wekundu wenye pembe wamelala ukingoni wanacheua, mawimbi yanawagusa kwato. Mama akaleta kidole gumba chake, kikakaa juu ya kioo bila kazi, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kufunika. Akakiondoa.

"Bihogo," alisema polepole. Ndilo jina tulilomwita ng'ombe mwekundu wa rangi ile nyumbani.

Hapo hapo nikaona njia. Nani atavua nguo katikati ya ng'ombe? Na tangu zamani kwetu mtu na mkwewe wana jambo moja la kuzungumza bila haya, nalo ni ng'ombe. Watawatazama ng'ombe, hawatalazimika kutazamana. Nikamwambia tukutane na Gatera pale, lakini Mama hakukubali upesi.

"Ni bongo, banadanganya. Batu ya computer banapangaka vitu. Gatera aende aone na macho yake."

Nikampigia Gatera nikiwa nje, kwenye ngazi. Nilifikiri atacheka. Alirudia neno langu moja tu.

"Ngombe, Hadassa?"

"Njo vile. Ngombe."

"Tangu ile siku sijagusa ngombe. Baba aliniachiaka zote. Zilinyanganywa zote mu mikono yangu. Sasa nitasimama mbele ya Mama na ngombe ya batu?"

Kumbe ndiyo maana alipokuwa akipiga simu alikuwa akiongea na mimi, na kwa Mama akituma salamu tu. Chumba cha watu sita kilikuwa nusu ya sababu. Nikamjibu kwa ukali ili nisilie.

"Gatera, hakuna mwenye alikuulizaka ngombe. Enda uone kama ziko. Basi."

Gatera hupumzika kazini Jumatatu. Jumapili alipanda meli ya kwenda Sardinia, na Jumatatu akapiga simu ya video. Kwetu ilikuwa asubuhi. Mimi nilikuwa bado Shively, Mama amevaa kitenge cha kanisani kana kwamba anakwenda kupokelewa. Ingabire alijiunga akiwa jikoni kwake. Nyamweya alijiunga kutoka maegesho ya kazini, na kwa aibu aliyokuwa nayo, alielekeza kamera juu. Tulichokiona kwake ni dari la gari.

Upande wa Gatera upepo ulipiga, mchanga ukapita, kisha tukawaona. Wako. Wekundu, wanene, wengine wamelala, wengine wamesimama majini hadi magotini wakiangalia mbali. Gatera aliwaonyesha kutoka mbali sana.

"Sogea karibu," Mama alisema.

"Zitakimbia, Mama."

Mama akaweka simu karibu na mdomo. Akaita. Ulikuwa ule mwito wa jioni, mrefu, unaoanzia chini na kupanda, aliokuwa akiupiga akiwa mlangoni jua likishuka. Sikuwa nimeusikia tangu milimani. Jirani yetu aliyekuwa anakata nyasi alizima mashine.

Kule Sardinia ng'ombe mmoja aliinua kichwa. Labda alisumbuliwa na nzi tu, sijui. Lakini mwito ule haukuwa wa ng'ombe peke yao. Ulikuwa pia wa mchungaji wao, na ulikuwa na jibu lake. Tukaisikia sauti ya Gatera, siyo ya mwanaume wa Genova, bali ile ya kijana wa malishoni.

"Nazileta, Mama."

Kisha simu ikashuka, tukaona mchanga na viatu vyake, tukamsikia analia.

Mama hakulia. Alishika simu kwa mikono miwili.

"Ngombe ziache, mtoto yangu. Kama zilienda, zilienda. Weye baki pale pale, usitoke. Sasa ni miye nakuja."

Ingabire alijifuta macho kwa kitambaa cha vyombo. Mama akajipangusa kitenge, akatazama kioo cha simu, akageuza uso wake kuelekea lile dari la gari.

"Mkwe," aliita yeye mwenyewe, bila kumpitia mtu. "Uko?"

Dari likasogea. Kikatokea kipande cha paji la uso, na jicho moja.

"Niko, Mum."

"Ku ngombe kuna mavi. Utavaa viatu ya bottes na suruali murefu."

"Sawa, Mum. Nitavaa."

"Bon," Mama alisema. "Ndege ni ya siku gani?"