Manyoya ya Bawa la Kushoto

"Shikamoo, dada."

"Iache hiyo shikamoo yako. Mkasi wangu uko wapi?"

Mdogo mtu alikuwa amesimama kando ya meza ndefu, mikono nyuma. Ukutani, kwenye msumari ambapo mkasi ulining'inia tangu enzi za baba yao, palibaki alama nyeupe tu. Chini yake, mezani, palikuwa na kitu kizito kimefunikwa kwa kitambaa.

Wateja walimwita dada mtu Bi Manyoya. Mdogo wake aliitwa Chapuchapu tangu utotoni, maana hakuna jambo alilowahi kulifanya polepole. Baba yao aliwaachia karakana ile ya mishale, nao wakagawana kazi: mdogo alichonga vijiti na kuzungumza na wateja, mkubwa alikata manyoya na kuyabandika. Mshale hunyooka hewani kwa sababu ya yale manyoya matatu ya nyuma. Ukikatwa vibaya mmoja tu, mshale unayumba kama mlevi.

"Nimeuweka kabatini," Chapuchapu alisema. "Pamoja na vitu vya baba."

"Vya baba!" Bi Manyoya alihisi damu inampanda hadi masikioni. "Yaani umenizika na marehemu, na mimi hapa nimesimama?"

"Usifike huko, dada. Tazama kwanza."

Akafunua. Kilikuwa kikata manyoya cha chuma, chenye kisu kilichokunjwa kwa umbo la unyoya wa mshale, na mkono wa kubonyezea.

"Unalaza unyoya hapa, unabonyeza, basi. Hakuna tena kushika kigezo cha bati huku unazungusha mkasi. Nilifikiria na ule waya wa moto wa kuchomea manyoya, lakini moshi wake ungekuumiza kifua."

"Ulifikiria. Wewe na nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Na humu ndani mkataji ni nani?"

Chapuchapu akatazama sakafu.

Bi Manyoya alijua vizuri kwa nini. Tangu augue mwaka uliopita, mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka. Alidhani ni siri yake. Alikata wakati mdogo wake ametoka, na manyoya yaliyoharibika aliyasukumiza chini kabisa ya mfuko wa matambara. Sasa alielewa kwamba kuna mtu ameutia mkono humo.

"Umepekua mfuko wangu."

"Nilikuwa natafuta tambara."

"Mwongo! Umepekua!"

"Haya, nimepekua! Jumamosi timu ya kina mama ya kulenga shabaha inataka mishale sitini. Tuliyo nayo haifiki hata ishirini. Nifanye nini?"

Bi Manyoya alilivuta gunia la manyoya, akachagua unyoya wa bata mzinga, akaulaza kwenye lile dude. Akabonyeza. Kah! Ukatoka umepinda, mkia umechanika. Akaweka wa pili. Vilevile. Wa tatu ulikuwa mbaya kuliko yote. Akautupa mezani, akacheka kicheko kisicho na raha yoyote.

"Ndege ana mabawa mangapi?"

"Mawili, dada."

"Hongera. Manyoya ya bawa la kulia yanapinda huku, ya kushoto yanapinda kule. Humu ndani tunatumia ya kushoto peke yake, kwa sababu vibanio vyetu vya kubandikia baba alivitengeneza kwa bawa la kushoto. Magunia yote matatu ni ya kushoto. Wewe umeniletea dude la bawa la kulia!"

"Mwenye duka hakuniuliza."

"Na wewe hukuniuliza mimi! Neno moja tu lingetosha!"

"Ningekuulizaje?" Sauti ya Chapuchapu nayo ikapanda. "Ningesema, 'Dada, mkono wako umechoka, twende tukanunue mashine'? Ungenifukuza na vijiti vyangu!"

"Ningekufukuza, ndiyo! Halafu ningekuitia dirishani kwamba bawa ni la kushoto!"

Wakatazamana, wote wawili wanahema. Hapo ndipo Bi Manyoya alipouona vizuri mkono wa kile kikata manyoya. Ulikuwa umeongezwa urefu kwa kipande cha kijiti cha mshale, ili mtu aweze kuubonyeza kwa mkono mzima badala ya vidole, na ukavishwa kitambaa laini. Kitambaa kilikuwa kimeshonwa kwa sindano, mishono midogo, imepangana sawasawa. Kwa mtu aitwaye Chapuchapu, hiyo ilikuwa kazi ya siku nzima.

Aliiona mishono hiyo, akaiweka moyoni. Lakini hasira yake bado ilikuwa na haki. Asipokata, yeye ni nani humu ndani? Ni mtu wa kukalishwa kitini na kuletewa chai.

"Libebe," alisema. "Twende dukani. Mimi nabeba manyoya."

Mwenye duka alipoliona lile dude linarudi, aliinua kiganja kabla hawajafika kaunta. "Dada zangu, mali ikishauzwa hairudi."

Bi Manyoya alimwaga manyoya juu ya kaunta, mengine yakaruka hadi kwenye daftari lake. "Mdogo wangu alipokuja, ulimuuliza bawa gani?"

"Bawa?"

"Bawa! Unauza vikata manyoya, hujui kwamba ndege hana bawa moja?"

Mteja mmoja aliyekuwa akipima kamba alicheka hadi akapoteza hesabu yake. Mwenye duka akaona afadhali aingie stoo. Akarudi na vikata viwili vya bawa la kushoto: kimoja chepesi, kinang'aa, kingine kizito, rangi imebanduka. Akamgeukia Chapuchapu.

"Huyu mama kitamfaa hiki chepesi. Hakitamchosha."

"Mama yuko hapa," Bi Manyoya alisema. "Sema na yeye."

Akalaza unyoya kwenye kile chepesi, akabonyeza. Mkono ulitetemeka, mbele ya watu wote, na kikata manyoya nacho kikatetemeka, kikacheza juu ya kaunta kama sufuria inayochemka. Unyoya ukakatika upogo. Hakuna aliyecheka sasa.

Akahamia kwenye kile kizito. Kwa pembeni aliona mkono wa mdogo wake ukinyooka kuja kushika kitako cha kile kikata, kusaidia. Kisha aliuona ukisita, ukarudi, ukaenda kujificha nyuma ya mgongo. Mkono wake mwenyewe ulitetemeka vilevile, lakini chuma hakikusogea hata kidogo. Akabonyeza kwa mkono mzima, tangu kiwiko. Kah! Unyoya ukatoka safi, mgongo umelala, mkia mzima.

"Hiki," alisema.

"Hicho ni cha zamani, mama," mwenye duka alianza.

"Na mimi ni wa zamani. Utatubadilishia au niendelee kuongea kwa sauti?"

Akabadilisha.

Karakanani, Chapuchapu alihamishia kile kijiti na kitambaa chake kwenye mkono wa kikata kipya. Bi Manyoya alisimama akimtazama, midomo bado imebanwa.

"Na mkasi urudi kwenye msumari wake."

"Utautumia?"

"Hayakuhusu. Urudi."

Mkasi ukarudi. Alama nyeupe ikafunikwa.

"Kesho ukitaka kununua kitu cha meza yangu, hata gundi, utaniuliza?"

"Nitakuuliza."

"Hata kama unaniogopa?"

"Nitauliza nimesimama mlangoni, viatu mkononi, tayari kukimbia."

Bi Manyoya hakucheka, ingawa ilibidi ageuze uso. Akavuta kiti, akaketi, akapandisha mkono wa gauni hadi kiwikoni. Akaulaza mkono wake juu ya kile kijiti; ile mishono midogo ilikuwa laini kwenye ngozi yake.

"Usisimame hapo kama nguzo," alifoka. "Nipe unyoya."