Vikofia vya Violeth

Mimi si mtu wa kusifia hovyo. Muulize yeyote jikoni kwa Zahoro, pale Mchafukoge, atakwambia Mama Wilbert akisema chakula kinalika, basi ni kitamu kwelikweli. Nimesimamia jiko lile miaka kumi na mmoja, na sifa zangu nazipima kwa kijiko cha chai. Kwa hiyo nikisema kwamba wiki ile nilikutana na watu wawili wanaojua kazi, na mmoja wao nilikuwa nimemponza mwenyewe, naomba uniamini.

Ilianza Jumatatu mchana, saa ya watu wa maofisini. Mteja mmoja alisukuma pilau pembeni akaonyesha alama ya kutu kwenye sahani nyeupe, kubwa kama punje ya dengu. Zahoro, mwenye mgahawa, aliingia jikoni ameishika ile sahani kwa vidole viwili.

"Nani anaendesha mashine ya kuoshea vyombo?"

"Violeth," nikasema, wala sikufikiri.

Hilo halikuwa uongo. Violeth ni mwanamke wa Masasi, ana miaka arobaini hivi, mpole mno kwa jiko lenye kelele kama letu, na mshahara ule unalisha wanawe watatu na mama yake. Uongo ulikuja baadaye kidogo. Nilisema anafunga mlango wa mashine kabla haijakauka, ndiyo maana kichanja cha ndani cha kupangia sahani kinaota kutu. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Hasira tu ilinipanda na mdomo ukatangulia. Zahoro akasema Ijumaa iwe siku yake ya mwisho. Violeth alikuwa amesimama penye sinki, anasikia kila neno. Alifuta mikono, akaendelea na glasi zake.

Kichanja kipya nilikitafuta Kariakoo nzima. Kote niliambiwa mashine yetu ni ya zamani na vipuri vyake havipo tena. Muuzaji mmoja akanionea huruma, akaniambia niende mtaa wa Gerezani kwa fundi anaitwa Bakili. Jumatano nikakifunga kichanja kwenye kanga, nikaenda.

Bakili ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, kavaa jezi ya mpira, kucha zake safi kuliko za muuguzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka kutu iondoke."

Hakuchukua kifaa chochote. Alikiweka kichanja juu ya meza akakizunguka. Kile kichanja kina safu za vijiti vya waya vilivyosimama, ambavyo hushika sahani zisilale. Yeye anaviita meno. Kila jino lilikuwa limevishwa plastiki nyeupe tangu kiwandani, lakini kwenye ncha nyingi plastiki ilikwisha kutoka na chuma kilikuwa chekundu. Bakili akafungua droo, akatoa soksi ya kike ya nailoni.

"Ya mke wangu, mama, usinifikirie vibaya."

Akaipitisha juu ya meno taratibu, na kila iliponasa akatia alama ya chaki. Alipofika nusu akasimama.

"Mama, nani anasugua hii kitu na stilwaya?"

"Hakuna."

"Yupo. Cheki hapa. Kutu ya maji ingeanzia kwenye kona, huko maji yanakotuama. Kona hizi ziko fresh kabisa. Imeoza hapa katikati tu, mkono unakofika vizuri. Halafu mikwaruzo yote inaenda upande mmoja. Kuna mtu anasugua, tena anasugua kwa moyo."

Mtu huyo ni mimi. Kwetu Rombo mama alikuwa akiingia kwenye nyumba ya mtu anaangalia kwanza matako ya masufuria, ndipo aamue kama atakaa. Nimelelewa kwa majivu na mchanga, na mjini nikahamia kwenye stilwaya. Kila Jumapili nikitoka misa ya kwanza napitia jikoni, nakitoa kile kichanja, nakisugua. Niliona weupe wake umegeuka manjano nikajua ni mafuta. Chuma kilipoanza kumeremeta chini yake nilifurahi, nikaimba kabisa.

"Ule weupe ndiyo ngozi yake," Bakili akasema. "Ukiitoa, chuma kinabaki uchi kwenye maji ya moto."

Akainamia kona ya mwisho.

"Sasa huyu ni nani?"

Meno matatu kule pembeni yalikuwa na vikofia vyeupe, vidogo, vimekaa vizuri kiasi kwamba jicho la haraka lingepita tu.

"Hili ni ganda la waya wa umeme," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Amekata kipande, amekichoma ncha mpaka ikajifunga, akakivalisha kikiwa bado cha moto. Ona kilivyobana! Hata tone haliingii. Mama, fundi wenu huyu yuko wapi? Mimi namtaka hapa."

Nilimjua hapohapo. Chini ya jengo letu kuna duka la vifaa vya umeme, na Violeth hupita pale kila asubuhi kuwasalimu. Kwa miezi miwili nilikuwa nikivikuta vile vidude kwenye meno, nikivikwangua kwa kisu na kuvitupa, huku nikilalamika kwamba watu wanachezea mashine. Wiki nzima yeye alikuwa akifunika majeraha, na Jumapili mimi nikija kuyafumua. Kwenye kona ile stilwaya yangu ilikuwa ikigusa kidogo tu, na kisu hakikufika kabisa, ndiyo maana hivyo vitatu vilibaki.

Nikavuta ndoo ya rangi nikakaa. Nilikuwa nimepanga kukiacha kichanja na kurudi kazini, lakini sikuondoka. Nikabaki kumtazama Bakili, na kusema kweli sijawahi kuona mtu akihangaikia kitu kidogo kwa heshima kiasi kile. Alikata ncha zilizooza, akazipiga tupa zikawa za mviringo, akasugua kutu mpaka chuma kikawa cha kijivu, akafuta kila jino kwa spiriti. Nilipoinama kuangalia akaniomba nirudi nyuma, pumzi yangu ina unyevu.

"Unyevu ukifungiwa ndani ya kikofia, kutu inaendelea kula kimyakimya," alisema.

Akapaka plastiki nzito ya majimaji kwa brashi, akakianika kichanja juani, akaniambia nirudi kesho.

Alhamisi nilifika mapema kuliko alivyotaka. Alikuwa na vikofia vyake mwenyewe, laini, vya kuhimili moto, na tangu alfajiri alikuwa amevitumbukiza kwenye chupa ya chai yenye maji yanayochemka. Alimimina yale maji kwenye kikombe. Akanywa.

"We! Unafanya nini?"

"Zamani nilikuwa natumia mpira wa baiskeli. Nikarudishiwa kazi, sahani zinanuka. Toka siku hiyo, kinachogusa sahani ya mtu nakionja mimi kwanza." Akalamba midomo. "Poa. Hakina ladha."

Akavivalisha kimoja kimoja, anasukuma kwa dole gumba na kuzungusha kidogo, bila haraka, na watu watatu wakimsubiri nje. Mwisho akapitisha ile soksi kutoka ukingo hadi ukingo. Haikunasa popote.

"Vile vitatu vya kona sijavigusa," akasema akinikabidhi. "Havina kosa."

Zahoro nilimkuta kaunta.

"Kimepona?"

"Kimepona. Lakini kutu niliileta mimi." Nikamweleza yote, stilwaya, kisu, na ule uongo wa mlango, mbele ya keshia na wateja wawili.

"Kwa hiyo kesho aondoke nani?" akauliza.

"Mgahawa ni wako, bosi."

"Violeth abaki. Na ile mashine ni ya kwake. Siku nikikukuta umeigusa, Mama Wilbert, utaondoka wewe."

Nikaona amenihurumia kuliko nilivyostahili.

Jikoni, Violeth alikuwa amekwisha kutia aproni na kandambili zake kwenye mfuko, ameuweka chini ya sinki. Nikaweka kichanja mbele yake.

"Unabaki. Nimemwambia Zahoro ukweli. Kutu ni yangu, na ule uongo ni wangu. Nimekukosea, Violeth, nisamehe." Halafu, kwa kuwa mdomo wangu haunyamazi, nikaongeza: "Lakini kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia, Mama Wilbert. Mara mbili. Ukanijibu ulianza kusugua masufuria mimi bado nanyonya."

Ni kweli nilisema hivyo. Nilikumbuka hata nilivyocheka.

Akaanza kupitisha kidole juu ya meno, safu kwa safu, nami nimesimama kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Alipofika kwenye kona kidole kikasimama.

"Hivi fundi hajavitoa."

"Amesema havina kosa. Amesema anamtaka fundi aliyevitengeneza."

Violeth akageukia sinki akafungua bomba mpaka mwisho, wakati hakukuwa na hata kijiko cha kuosha. Alinipa mgongo, mabega yanatikisika, nami sikuthubutu kumsogelea. Baadaye akafunga maji, akainama, akatoa aproni mfukoni na kuivaa. Alipogeuka uso ulikuwa umelowa. Akanyoosha mkono.

"Haya, nipe hiyo stilwaya."

Nikaitoa kwenye mfuko wa gauni, ninakoiweka siku zote, nikampa.