Miguu Ikingoja Hotuba

Alfajiri ile nilisikia komeo la mlango wa jikoni likivutwa taratibu ili lisigonge. Rozina ndivyo alivyo. Anajua usingizi wangu ni mwepesi, basi hulishika komeo kwa kiganja na kulisindikiza mpaka mwisho wake. Hajui kwamba mimi hulisikia kila siku. Sijamwambia, maana ataona amekuwa akinisumbua.

Ilikuwa Jumamosi ya mbio, kwa hiyo nami niliamka. Mwezi wa saba hapa Sumbawanga baridi huingia mpaka chini ya blanketi, na upepo hauna huruma kwa mzee wala kijana. Nikawasha jiko, nikabandika uji wa ulezi, nikatia sukari kidogo kuliko siku zote, kwa kuwa alisema tumbo likijaa haliwezi kukimbia.

Rozina ni mtoto wa binti yangu Luciana, aliyeolewa Mpui. Anakaa kwangu Kizwite ili awe karibu na mwalimu Jane, anayewafundisha vijana mbio ndefu kila jioni. Siku ile wasichana watatu wa kwanza wangechukuliwa kwenye timu ya mkoa na kupelekwa kambini. Mwaka jana aliitafuta nafasi hiyohiyo akaikosa. Alichelewa kufika uwanjani, akaanza kukimbia mwili ukiwa baridi kama jiwe la mtoni, na kabla ya nusu ya njia msuli wa nyuma ya paja ukakaza. Alirudishwa kwa pikipiki. Nilimkanda mguu ule kwa maji ya moto mpaka masika yakaingia.

Ndipo mwalimu Jane alipomfundisha kupasha mwili. Mwanzoni sikuelewa kwa nini mtu akimbie kabla ya kukimbia. Rozina alinieleza kwa uvumilivu huku akinimenyea viazi. Siku za mazoezi mepesi, alisema, huhitaji mambo mengi, unaanza polepole tu na mwili unajifungua wenyewe njiani. Lakini siku ya mbio, au ya mazoezi ya kasi, lazima kwanza ukimbie kivivu mpaka jasho lichungulie. Kisha unarusha miguu mbele na nyuma, unapiga hatua ndefu za kuchuchumaa, na mwisho unachomoka mara chache kwa mwendo wa mbio zenyewe, mwendo mfupi tu. Usijinyooshe kwa nguvu na kukaa hivyo mwili ukiwa bado baridi. Na sweta usilivue mpaka karibu na kuanza. Kubwa kuliko yote, alisema, ukishamaliza usikae muda mrefu, maana mwili ukipoa ni kama hukufanya kitu.

Mwanangu Kasmir, kaka yake Luciana, hakukubaliana na hayo. Yeye anakaa Mollo, analima mahindi na ana maksai wawili wa kuvuta mkokoteni. Alisema nguvu za mtu ni kama maji kwenye debe. Ukiyamwaga njiani, nyumbani utafika na nini?

Lakini asidhaniwe kuwa hampendi mpwa wake. Siku za mbio ndefu za asubuhi Rozina alikuwa akipita Mollo, na Kasmir humwekea uji kwenye kikombe kilichofunikwa sahani, juu ya nguzo ya lango. Anasimama tu karibu na zizi akijifanya anatazama ng'ombe mpaka kikombe kiwe kitupu.

Mwaka huu Kasmir aliwekwa kwenye kamati ya mbio. Kazi yake ilikuwa kuwapanga wakimbiaji. Alipiga pasi shati lake tangu Alhamisi.

Tangazo lilisema mbio zitaanza saa moja. Rozina alihesabu muda wake kwa tangazo hilo. Akazunguka uwanja polepole, akarusha miguu, akachomoka mara zake chache, na alipomaliza paji la uso lilikuwa linang'aa. Nilimwona nikajua yuko tayari. Hata mimi moyo ulipata moto.

Kisha kipaza sauti kikasema mgeni rasmi yuko njiani, wakimbiaji wote wajipange mbele ya hema, wavue masweta ili namba zao zionekane, na wasiondoke.

Wakajipanga. Tukangoja. Jua lilikuwa limetoka lakini lilikuwa jua la kutazama tu, halikuwa la kuota. Vikundi vya ngoma vikacheza, vikapumzika, vikacheza tena. Mgeni alikuwa bado njiani. Nilimwona Rozina akisugua mapaja yake kwa viganja. Msichana aliyesimama karibu naye, Gaudiosa wa Mpui, alikuwa amefanikiwa kubaki na kitenge mkononi. Akakifungua, akamfunika Rozina upande mmoja na yeye upande mwingine. Walikuwa wanashindania nafasi zilezile tatu, na bado aligawa kitenge. Jambo hilo sitalisahau.

Rozina alipoona muda unakwenda, akatoka kwenye mstari, akaanza kukimbia kidogo kidogo nyuma ya hema. Kasmir akamfuata upesi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu nao.

"Rudi kwenye mstari," alimwambia kwa sauti ya chini. "Watu watasema mpwa wangu hana adabu."

"Mjomba, mwili unapoa."

"Utapata moto hukohuko mbioni. Unataka mgeni aingie akukute unarukaruka kama ndama?"

Mjomba ni mjomba. Rozina akarudi akasimama. Nami nilikaa pale nimeshika rozari, lakini sala hazikuja, zilikuja hasira.

Mgeni akafika, akaketi, akaamkiwa, akasifiwa. Akaanza kuhotubia juu ya faida za kuushughulisha mwili, na wale wenye miili wakamsikiliza wakitetemeka. Hapo nikaona nifanye jambo langu. Nikamwendea Kasmir, nikamwambia nimebanwa na ninahitaji mjukuu wangu anisindikize chooni. Hakuna mtoto wa Ufipa anayeweza kumkatalia mama yake hilo mbele za watu. Aliniangalia kwa mashaka, lakini akamruhusu.

Vyoo vilikuwa nyuma ya madarasa ya shule, mbali na hema. Tulipofika, Rozina akanishika mkono anisaidie kupanda ngazi.

"Kimbia wewe," nikamwambia. "Mimi sina haja yoyote."

Alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, akaanza. Akaenda na kurudi nyuma ya madarasa, na mimi nimeegemea ukuta kama mlinzi. Akarusha miguu. Jasho likaanza kuchungulia. Zilikuwa zimebaki zile hatua za kuchomoka tu, na mbio zingekuta mwili uko moto. Kipaza sauti kikaita: wakimbiaji wote warudi mara moja, mgeni anataka kupiga picha nao.

Tukarudi, na Kasmir akaliona lile jasho. Picha ikapigwa, ikarudiwa kwa sababu wengine walifumba macho. Kisha mgeni akataka kumpa mkono kila mkimbiaji na kumuuliza jina la baba yake. Nilitazama miguu ya mjukuu wangu. Vinyweleo vilikuwa vimesimama.

Walipoachiwa, wengine walitoka kwa kasi. Rozina alitoka taratibu, wa mwisho au karibu na mwisho. Nilijua anafanya nini, kwa kuwa alikwishaniambia: ukianza umepoa, ufanye mwanzo wa njia uwe ndio wa kupashia, la sivyo msuli utakudai. Waliokuwa karibu nami hawakujua. Mmoja akasema yule binti anakwenda sokoni, mwingine akasema labda amesahau kapu. Kasmir aliinamisha kichwa.

Waliporudi, wa kwanza na wa pili walifika peke yao. Kisha akaja Gaudiosa, na nyuma yake Rozina anakuja kama mtu aliyeitwa nyumbani kwa dharura, anapunguza pengo, anapunguza, mpaka kivuli chake kikagusa mgongo wa mwenzake. Utepe ukafika kwanza.

Akawa wa nne.

Nilimfunga kanga kiunoni. Paja lilikuwa zima, na kwa hilo nilimshukuru Mungu. Yeye hakulia.

"Bibi," alisema, "ndiyo kwanza mwili ulikuwa umekubali."

Kasmir akaja, akasema ameona mwenyewe, nguvu zimeachwa nyuma ya madarasa. Kulikuwa na watu. Nilimeza maneno yangu, na yalikuwa makubwa kumeza.

Rozina hakuacha mazoezi. Komeo liliendelea kuvutwa taratibu kila alfajiri. Lakini aliacha njia ya Mollo, akawa anakwenda upande mwingine kabisa. Sikumuuliza.

Baada ya siku kadhaa Kasmir alikuja na maharage kwenye mfuko. Alikaa, akazungumzia bei ya mbolea, akazungumzia paa langu. Mwishowe akauliza kama Rozina anaumwa. Alisema uji unapoa pale langoni, kuku wanaunywa.

Nikamuuliza juu ya maksai wake. Yule wa kushoto, asubuhi za baridi kama hizi, humfunga mkokoteni wa mahindi akitoka tu zizini?

"Hapana, Mama. Huyo ataharibika mguu. Mathias alinifundisha tangu nilipomnunua kwake." Mathias ni jirani yake, Msukuma aliyekuja na ng'ombe zake. "Lazima nimtembeze kwanza bila mzigo, alainike, halafu nimfunge hapohapo. Nikimwacha asimame tena..."

Akavua kofia yake. Mimi nikaendelea kuchagua maharage, nikitoa mawe.

"Na maksai huyo hajatoa hotuba yoyote," nikasema, "lakini unamwelewa."

Ndipo Rozina akaingia kutoka kisimani. Rozina akamwamkia shikamoo bila kumtazama, akatua ndoo. Kasmir akaitikia marahaba. Akasema kamati itakutana, na yeye atasema mwakani hotuba na picha viwe baada ya mbio. Akaongeza kwamba huenda wasimsikilize, lakini atasema. Rozina akajibu sawa, Mjomba. Nafasi ya kambini ilikuwa imekwishaondoka na Gaudiosa kwenye basi, na hakuna aliyeweza kuirudisha kwa kusema sawa. Wote watatu tulilijua hilo.

Kasmir alisimama kuondoka. Mlangoni akageuka, akaanza kuizungusha kofia yake mikononi.

"Kesho sitautoa uji mpaka nikuone umefika kwenye kona," alimwambia Rozina. "Hautapoa. Upite tena nyumbani, mama."