Pete ya Zella Tackett

Askofu Phares Ebersole alikuja kwetu Kentucky mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili alikuja kututafutia makosa. Masika yale ya 1948 alikuja kubatiza. Mimi na mume wangu Elam, shemasi, tulikuwa tumetumwa na Wamennonite wenzetu wa Pennsylvania, Wakristo wasiojipamba, kuwaokoa wachimba makaa, na kwa muda mrefu watu wa bonde lile walitutazama tu kutoka barazani huku wakitema tumbaku. Aliyetufungulia mlango ni mjane mmoja, Zella Tackett. Yeye ndiye aliyewaleta watoto kwenye shule ya Jumapili, akawaleta na dada zake, akatulisha maharage na mkate wa mahindi vilipotuishia vya kwetu. Alitaka ubatizo kwa moyo wake wote. Magauni ya maua alishayaweka kando, na kofia nyeupe kama zetu alijishonea mwenyewe.

Siku ya ubatizo kanisa lilijaa. Zella akapiga magoti mbele. Desturi yetu ni askofu kukinga viganja juu ya kichwa cha mtu, na shemasi kumimina maji humo. Elam alisimama tayari na jagi. Askofu akanyoosha mikono, kisha akairudisha.

"Dada, na hiyo pete?"

"Ya ndoa, Mchungaji. Alinivisha Burl."

"Burl si ameshafariki?"

"Mgodi ulimwangukia yeye. Pete haikufa."

Watu wakacheka chini chini. Askofu akakunja uso.

"Dhahabu ni pambo, na pambo ni kiburi. Ivue."

Pambo! Na yeye kitambi chake kimepitiwa na mkufu wa dhahabu, saa imetulia mfukoni. Kwetu saa ya mfukoni haikuhesabiwa pambo, ilikuwa kifaa. Ndivyo maaskofu walivyoamua, na kila mmoja wao alikuwa nayo. Nilifundishwa hayo utotoni na hata utotoni niliyaona upuuzi.

Zella naye alikuwa na macho.

"Na hicho kinachoning'inia tumboni kwako, Mchungaji, ni shaba?"

"Hii ni saa. Ina kazi."

"Hii nayo ina kazi. Mie nakaa njiani, karibu na mgodi pale. Wanaume wakitoka zamu, wakishalewa, hiyo yako itawaambia ni saa ngapi. Yangu inawaambia wapite."

"Eeh, mpashe!" dada yake akapaza sauti kutoka nyuma.

Mtu mwenye chembe ya haya angebatiza, akanyamaza, akaenda kula. Lakini huyu alikuwa amesafiri na sheria zake kutoka mbali na hakutaka kurudi nazo bila kuzitumia.

"Usipoivua, hakuna ubatizo. Inuka ukakae."

Zella hakuinuka. Utani ukamwishia usoni.

"Nimengoja tangu majani yanapukutika mwaka jana," akasema. "Usinirudishe mbele za watu, Mchungaji. Nakuomba."

Askofu akaficha mikono nyuma ya mgongo. Hasira ilinipanda, lakini mwanamke haruhusiwi kusema katika kanisa letu.

Ndipo Elam wangu, mtu asiyeweza kubishana hata na kuku, akasogea mbele. "Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu," akasema, akaliinamisha jagi juu ya ile kofia nyeupe mpaka tone la mwisho.

"Huo si ubatizo!" askofu akafoka. "Shemasi hana mamlaka! Hayo ni maji tu!"

Zella akajifuta uso, akamtazama.

"Kumbe? Kama haya ni maji tu, Mchungaji, basi na hii ni pete tu. Mbona imekutoa jasho?"

Mwezi haukuisha tukaitwa nyumbani, Elam akavuliwa ushemasi, kanisa likafungwa kwa misumari. Gazeti la misheni likaandika kwamba watu wa bonde lile wana mioyo migumu. Zella alijihesabu amebatizwa, nami namhesabu vivyo hivyo hadi leo. Askofu ndiye sina hakika naye.