Wimbo wa Vitana

Mtaa ule ulikuwa na kamati ya kila kitu. Kulikuwa na Kamati ya Maji, ambayo haikuwa na maji, na Kamati ya Barabara, ambayo ilikutania nyumbani kwa mwenyekiti kwa sababu barabara ya kwenda ofisini haipitiki. Ilipotangazwa kwamba daktari wa macho atakuja kuwapima watoto na kuwachukua wanaohitaji upasuaji, ikaundwa Kamati ya Macho, na mwenyekiti akawa yuleyule wa maji na barabara, mtu mnene mwenye sauti ya kupanda mlima, ambaye watu walimwita Bwana Kaulimbiu. Huyu hakuweza hata kunywa chai bila kwanza kuitafutia chai hiyo kaulimbiu.

Kazi ya kwanza ya kamati ilikuwa kuchapisha bango. Lilikuwa refu kama ukuta wa darasa. Upande mmoja kulichorwa jicho, upande wa pili kukawekwa picha ya Bwana Kaulimbiu akitabasamu, kubwa kuliko jicho, na katikati maneno: MTAA WETU HAUNA MTOTO KIPOFU. Hakuna mtoto aliyekuwa amepimwa bado.

Bibi alilipita bango lile kila asubuhi akienda kisimani, na kila alipolipita alimfikiria mjukuu wake. Mama wa mtoto alikuwa mbali akitafuta riziki, na mtoto alikuwa hajaanza hata kung'oa meno. Nyumbani walimwita Kasuku, kwa sababu neno likipita masikioni mwake mara moja linabaki humo na kuzaa. Alijua mtu kwa hatua zake. Alijua kuku yupi ametaga kwa namna anavyolalamika. Lakini akimimina maji alitumbukiza kwanza kidole kikombeni ili ajue yamefika wapi, na akichagua maharage aliyasogeza puani kama anayanusa. Katikati ya kila mboni kulikuwa na doa jeupe, kama tone la maziwa.

Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwambia Bibi, "Huo ni mtoto wa jicho, Bibi, na unatibika. Ila siku daktari wa upasuaji akija, usithubutu kuchelewa. Jicho la mtoto likikaa sana gizani husahau kazi yake. Akishakua, hata ukilisafisha, halikumbuki tena."

Maneno yale Bibi aliyabeba kama kaa la moto lililofungwa kwenye upindo wa kanga.

Siku moja akamkuta Mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye pia alikuwa katibu wa kamati, anabandika karatasi kubwa ukutani, nje ya darasa. Karatasi ilijaa alama nyeusi kama vitana vya meno matatu, vikubwa juu, vidogo chini. Kimoja meno yameangalia juu, kingine kulia, kingine chini.

"Mwalimu, hivi watakaochukuliwa na daktari watapatikanaje?"

"Kwa mtihani wa macho, Bibi. Nitagonga alama kwa fimbo, mtoto aseme meno yanaangalia wapi. Daktari yeye atakuwa ndani, sisi kamati tunachuja hapa mlangoni."

"Na akikosea?"

Mwalimu akatazama nyuma, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Asikosee, Bibi yangu. Mgeni rasmi atakuwepo. Mwenyekiti hataki kusikia mtu amekosea. Ndiyo maana tumeanza mazoezi mapema."

Na kweli walifanya mazoezi. Kila asubuhi fimbo iligonga kutoka juu hadi chini, na darasa zima likaimba: juu, kulia, chini, chini, kushoto, juu. Ukipita njiani unadhani ni kwaya.

Bibi alirudi nyumbani amepata mwanga, kumbe ni moshi. Maisha yake yote hakuwahi kuona mtihani ambao anayefeli ndiye anayepewa kitu. Anayefaulu huchukuliwa, anayefeli hurudi kuchunga mbuzi. Basi akamkalisha Kasuku jikoni, akachukua mwiko, akawa anagonga sufuria. Ngo. "Juu." Ngo. "Kulia." Kabla uji haujachemka mtoto alikuwa ameumeza wimbo wote, na kesho yake akawa anawaimbia kuku.

"Ukifaulu, daktari atakuchukua," Bibi alimwambia.

"Na wewe utakuja?"

"Nikuache uende na nani, mume wangu?"

Siku ikafika. Turubai likafungwa, kreti za soda zikapangwa, na kochi la sebuleni kwa Bwana Kaulimbiu likaletwa kwa mkokoteni, pamoja na vitambaa vyake vya kufumwa, ili mgeni rasmi alikalie. Daktari, mwanamke mwembamba mwenye tochi ndogo shingoni, aliwekwa darasani nyuma ya mlango uliofungwa, akapewa chai, akaambiwa asubiri wagonjwa. Gari lililomleta ndilo lingemrudisha, na lingeondoka mara tu hotuba zikiisha.

Zamu ya Kasuku ilipofika alisimama wima, mikono nyuma. Fimbo ikagonga, naye akajibu. Fimbo ikashuka hadi kwenye vitana vidogo kama mchwa, ambavyo Mwalimu mwenyewe alivikunjia uso, na Kasuku akavitaja kama anayetaja ndugu zake. Wanakamati wote walitazama karatasi. Usoni mwa mtoto hakuna aliyetazama.

"Hakukosa hata kimoja," Mwalimu akatangaza. "Ndiye wa kwanza."

Watu wakapiga makofi. Kasuku akapewa biskuti na kuelekezwa kwenye benchi la washindi. Bibi akaketi karibu, ametandaza kanga vizuri, akingoja mlango ule ufunguliwe aitwe. Akangoja weee. Mwisho akamuuliza mama aliyekaa naye, "Mbona hawaiti watu?"

"Waite nani? Wanaoingia kwa daktari ni waliofeli, na watoto wetu wote wana macho ya mwewe."

Bibi akakunja kanga yake. Akainuka, akamfuata Bwana Kaulimbiu pale alipokuwa anajaribu kipaza sauti.

"Mwenyekiti mwanangu, mjukuu wangu haoni."

"Bibi, mjukuu wako ni wa kwanza."

"Aliimba."

"Basi ameimba vizuri, tumshukuru Mungu."

"Mwanangu, nisikilize. Mtazame macho yake tu."

Bwana Kaulimbiu akamshika bega kwa upole, kama mtu anayemtoa kuku sebuleni. "Bibi yangu, mgeni rasmi yuko hapo. Ukinitolea kipofu sasa hivi, hilo bango nilipeleke wapi?"

"Lifunikie kuku," Bibi akasema. Lakini yeye alikuwa ameshageukia kipaza sauti.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, sasa tutamwita mtoto mwenye macho bora kuliko wote mtaani aje apokee zawadi yake."

Pale benchini Kasuku alikuwa amefanyishwa mazoezi ya hilo pia: atembee moja kwa moja hadi kwenye kochi, apige goti, aamkie, ashukuru. Ila jua lilikuwa limehama, na mgeni rasmi naye amehamishwa na kochi lake kwenda kivulini. Mtoto akatembea moja kwa moja. Akapiga goti kwa adabu zote mbele ya kreti za soda.

"Shikamoo, mheshimiwa," akaziambia. "Tunakushukuru kwa kutuletea nuru."

Kreti hazikuitikia. Watu wakacheka, kwanza wachache, kisha turubai zima. Kasuku akabaki ameinama, mkono ameunyosha, akingoja.

"Mtoto wetu ana vituko," Bwana Kaulimbiu akasema haraka. "Ni mcheshi sana."

"Si mcheshi." Bibi alikuwa ameshapita kamba ya wageni na kufika katikati. Hakuwa na kipaza sauti na hakukihitaji. "Haoni. Wimbo nimemfundisha mimi, kwa mwiko na sufuria. Nilidhani anayefaulu ndiye anayetibiwa. Kama kuna wa kuchekwa, nichekeni mimi, lakini huyu mwacheni aingie ndani."

Kicheko kikakatika. Mlango wa darasa ukafunguka, na daktari akatoka na kikombe cha chai mkononi. Hakumuuliza mtu. Akaiendea ile karatasi, akaibandua, akaigeuza miguu juu kichwa chini, akaibandika tena.

"Mwalimu, hebu gonga. Watoto, jibuni wote."

Fimbo ikagonga, na benchi zima la washindi likaimba kwa furaha: juu, kulia, chini, chini, kushoto, juu. Hata wale wenye macho ya mwewe waliimba.

"Kwaya nzuri," daktari akasema. Akaiweka chai juu ya kochi la mwenyekiti, juu ya kitambaa cha kufumwa. "Sasa naomba nianze kazi. Gari litasubiri."

Akapiga goti vumbini mbele ya Kasuku, akawasha tochi, akatazama jicho moja, kisha la pili. Akaizima tochi.

"Nimechelewa?" Bibi akauliza.

"Hujachelewa. Lakini mngengoja safari yangu nyingine, ningekuwa na jibu tofauti. Kafunge nguo zake."

Watoto wote walipimwa upya, na wengine kadhaa wakaonekana wana shida. Gari liliondoka limejaa. Bwana Kaulimbiu alitoa hotuba ndefu kuhusu mtaa unaoongoza kwa kugundua, na jioni ileile akaagiza bango jipya lenye maneno hayo. Lile la zamani Bibi aliliomba, akapewa.

Kasuku alirudi baada ya majuma, jicho moja limefanyiwa kazi na kisha la pili, usoni amevaa miwani minene iliyofungwa kisogoni kwa mpira wa sketi. Muda wote hospitalini alikuwa akimshika Bibi mkono na kutazama vitu vingine: taa, chapati, viatu vya wauguzi. Asubuhi ya kwanza nyumbani, uani kwao, ndipo alipogeuka akamtazama Bibi mwenyewe, kwa muda, kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Bibi."

"Abee."

"Kumbe una ndevu."

Bibi akajishika kidevu. "Ni mbili tatu tu. Usiende kutangaza."

Kasuku akaangalia pande zote, akaona banda la kuku limefunikwa bango, na juu ya bango uso mkubwa wenye meno mengi, kuku wawili wamekaa kwenye kipaji chake.

"Na yule pale ni nani?"

"Ni mwenyekiti."

"Anatabasamu nini?"

Bibi akaendelea kupeta mchele wake. "Hajajua bado kwamba unamwona."